Mwongozo wa Kutembelea Hifadhi ya Kisiwa cha Mtoni na Kuwatazama Ndege Wake

Kisiwa cha mtoni huwa na umbo moja wakati wa kiangazi na jingine wakati wa mafuriko, na vingine hutoweka kabisa chini ya maji kwa miezi kadhaa. Sedudu, kisiwa cha mto Chobe ambacho Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 1999 kuwa ni mali ya Botswana na si ya Namibia, hufunikwa na maji kwa sehemu kubwa kila mafuriko yanapofika, kisha maji yakishuka hugeuka kuwa uwanda wa majani mabichi unaojaa nyati, tembo na ndege wa majini. Watu wawili wanaweza kukizuru kisiwa cha namna hiyo katika mwaka mmoja, wakarudi na habari zisizofanana hata kidogo, na wote wakawa wanasema kweli. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji, na utarudi kwenye maji mara kwa mara, kwa kuwa ndiyo yanayoamua boti itapita wapi, mgeni atashuka wapi, na ndege gani watakuwapo.

Hatua ya kwanza: Uliza habari za maji kabla ya kupanga tarehe

Wageni wengi huuliza kwanza ni mwezi gani una ndege wengi. Ni swali la haki, lakini jibu lake hutegemea ni ndege gani unaotaka kuwaona, kwa sababu kisiwa kimoja cha mtoni kina misimu miwili ya viota inayopishana. Ndege wanaotaga juu ya mchanga mtupu, wakiwamo vitwitwi na buabua, husubiri maji yapungue ili mafungu ya mchanga yajitokeze. Wale wanaojenga viota mitini kwa makundi, kama yangeyange, mnandi, kwarara na mbizi, mara nyingi hutaga maji yakiwa mengi au yanapoanza kushuka, wakati samaki wadogo na vyura ni tele, na maji yaliyozunguka mashina ya miti huwazuia wanyama wanaokwea kufuata mayai. Anayetaka kuona miti iliyojaa makinda yanayopiga kelele atakwenda msimu tofauti na anayetaka kuwaona ndege wa mchangani.

Kwa upande wa Afrika kuna jambo la tatu la kuzingatia, nalo ni ndege wahamaji. Kati ya Septemba na Aprili kingo za mito hupokea ndege wa tope na maji mafupi kutoka Ulaya na Asia, ambao hukaa mpaka baridi ya kwao ipungue. Wengi wao wakiwa huku huvaa manyoya ya rangi ya kijivu au kahawia yasiyo na mvuto, na kuwatofautisha kunahitaji subira ambayo mgeni wa mara ya kwanza hana haja ya kujilazimisha kuwa nayo.

Ukishachagua msimu, wasiliana na ofisi ya hifadhi au na nahodha anayepita hapo kila siku, na umwulize mambo matatu: maji yanapanda au yanashuka, kama kuna bwawa upande wa juu wa mto na hufungua milango yake wakati gani, na mkono upi wa mto unapitika. Swali la bwawa lisipuuzwe. Mto ulio chini ya bwawa unaweza kupanda katikati ya kiangazi bila tone la mvua, na fungu la mchanga uliloliona asubuhi likawa limezama kufikia jioni. Hali hiyo ni hatari kwa mgeni aliyeshuka hapo, na kwa ndege waliotaga hapo ni msiba, kwa kuwa viota vyao viko sentimita chache tu juu ya maji. Ukiambiwa kwamba mto unapanda kwa kasi na unabeba magogo na matope, ahirisha safari. Maji ya namna hiyo hayana ndege wa kutazama, na boti ndogo haina kazi ndani yake.

Hatua ya pili: Jua ruhusa yako inafika wapi

Kuna hifadhi za visiwa zinazomruhusu mgeni kushuka na kutembea katika njia zilizotengwa, kuna zinazomruhusu kuzunguka kwa boti tu, na kuna zinazofungwa kabisa katika miezi ya viota. Ranganathittu, katika mto Kaveri huko India, ni mfano mzuri wa aina ya pili. Visiwa vyake vidogo vilitokana na boma la kuzuia maji lililojengwa katika karne ya 17, na mwaka 1940, kwa ushauri wa mtaalamu wa ndege Salim Ali, vikatangazwa kuwa hifadhi ya ndege. Wageni hupelekwa kwa boti za makasia karibu na miti yenye viota, na kwa kuwa boti hizo huenda polepole kila siku na hakuna anayeshuka, ndege wamezizoea kiasi kwamba mgeni huwaona korongo wakilisha makinda bila darubini.

Nchini Gambia, Hifadhi ya Taifa ya Mto Gambia, iliyoanzishwa mwaka 1978, ina visiwa ambavyo sokwe walirudishwa kuishi huru, na hapo mgeni haruhusiwi kukanyaga kisiwa hata kidogo. Huvitazama akiwa botini, kwa umbali uliowekwa. Wapo wanaoona kwamba safari isiyo na kushuka ni safari nusu. Mimi naona kinyume chake. Ndege wengi wa mtoni humwogopa mtu anayetembea kuliko boti inayoteleza taratibu, na anayebaki botini kwa kawaida huwaona kwa karibu zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Kabla ya kulipa chochote, pata majibu ya wazi kuhusu kibali cha kuingia, kama boti na mwelekezi vimo ndani ya kibali hicho, saa za kufungua na kufunga, na masharti ya kamera na droni. Droni kwa jumla usiibebe. Ndege walio viotani huiona kuwa tai au mwewe anayewajia, huinuka wote kwa pamoja, na mayai hubaki juani au huliwa na kunguru walio karibu.

Hatua ya tatu: Vifaa

Hapa hakuna mengi. Darubini iliyoandikwa 8×42 inatosha. Namba ya kwanza inaonyesha ni mara ngapi inakuza, na ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Ndani ya boti usitamani inayokuza mara 10 au 12, kwa kuwa kila mtikisiko wa maji hukuzwa pamoja na ndege. Darubini kubwa ya kusimamishwa kwa miguu mitatu ina manufaa ukiwa nchi kavu tu. Vaa nguo za rangi ya majani makavu au udongo, zenye mikono mirefu, na kofia iliyofungwa kamba. Maji ya kunywa, mfuko usiopitisha maji kwa simu na kamera, dawa ya mbu, na mfuko mtupu wa kurudishia taka vitakamilisha mzigo wako. Viatu visafishwe tope kabla ya safari, kwa sababu mbegu za magugu vamizi husafiri kwenye nyayo, na kisiwa kidogo hakihimili gugu geni kama linavyohimiliwa na bara.

Hatua ya nne: Boti, nahodha na wanyama wa majini

Fika gatini kabla ya jua kuchomoza. Asubuhi mto huwa umetulia na upepo haujaamka, ndege wana njaa na wanaonekana, na mwanga unapiga kwa ubavu badala ya kuwageuza vivuli vyeusi. Kagua jaketi la kujiokolea kwa mikono yako mwenyewe: lazima lifungike, lisiwe limechanika, na likutoshe wewe, maana jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto likamwacha. Livae kabla boti haijaondoka na usilivue mpaka urudi.

Zungumza na nahodha mapema kuhusu mwendo. Mwambie kwamba unataka kuzunguka kisiwa polepole, kwamba hutaki ndege wafukuzwe ili uwapige picha wakiruka, na kwamba injini izimwe au ipunguzwe kabisa mnapokaribia viota. Katika biashara ya utalii nahodha wengi wamezoeshwa na wageni kwamba kazi nzuri ni kusogea karibu kabisa, na mgeni asiposema kitu, hivyo ndivyo itakavyofanyika. Wimbi la boti ya kasi lina madhara yake pia, kwa kuwa huosha viota vya mchangani na kubomoa kingo zenye matundu.

Katika mito ya Afrika yenye viboko na mamba, amri za nahodha hazina mjadala. Kiboko hutoka majini usiku kula majani na kurudi alfajiri, na aliyesimama kati yake na maji yuko mahali pabaya kuliko pote. Boti isikatize kundi la viboko, wala isiwabane katika mkono mwembamba wa mto. Huachiwa maji yenye kina ili wakimbilie huko. Mikono na miguu ibaki ndani ya boti, na usioshe vyombo wala kunawa ukingoni. Kuna pia kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kuingia mwilini kupitia ngozi, hasa mahali maji yanapokwenda polepole kati ya majani. Kwa hiyo hata pale pasipo na mamba, kutembea majini ili kufika kwenye ndege si wazo zuri.

Hatua ya tano: Kisome kisiwa kabla ya kutafuta ndege

Mgeni akishaelewa jinsi mto unavyojenga kisiwa, hukisia mahali pa kuelekeza darubini hata kabla ya kuona unyoya mmoja. Mara nyingi upande unaopokea maji, yaani kichwa cha kisiwa, hupigwa na mkondo na kulika, na kingo zake pamoja na zile za ubavu wenye mkondo mkali hubaki zimesimama wima. Upande wa chini, yaani mkia, maji hupungua nguvu na kuutua mchanga yaliyokuwa yanaubeba, na hapo fungu hurefuka kidogo kidogo. Katikati, mahali ambapo mafuriko hayafiki kila mwaka, ndipo miti hukua.

Anza na kingo zilizosimama. Ukiona safu za matundu ya mviringo katika udongo, hayo ni makazi ya keremkerem, ya mdiria, au ya mbayuwayu wanaochimba ukingoni, na tundu moja laweza kuingia ndani kadiri ya urefu wa mkono wa mtu. Boti isimame upande wa pili wa mkondo, isizibe njia ya kuingilia. Mtazame keremkerem anaporudi na nyuki: hutua juu ya kijiti, humpigapiga na kumsugua nyuki huyo kwenye mti mpaka mwiba na sumu vitoke, ndipo huingia naye ndani. Karibu na hapo huenda ukamwona mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe akipigapiga mabawa hewani bila kusogea, kichwa kimeinama, kisha akajitupa majini. Huyu anaweza kummeza samaki mdogo akiwa angali hewani, bila kutafuta tawi la kutulia, na ndiyo maana utamkuta hata katikati ya mto mpana ambako mdiria wengine hawafiki.

Ukingo wenye matete na mafunjo unahitaji kusubiri. Zima injini, iache boti ishikwe na majani, na kaa kimya kwa dakika kumi angalau. Kulastara aliyesimama humo hafichwi na majani pekee. Hufichwa na kutotikisika kwake, na jicho humwona pale tu anapopiga hatua.

Juu ya miti mikavu iliyo ukingoni, tafuta kwazi, ambaye kichwa chake cheupe huonekana kutoka mbali na mlio wake hutangulia sura yake. Ndege weusi wenye shingo ndefu waliotandaza mabawa kwenye matawi ni mnandi au mbizi. Manyoya yao hulowa, jambo linalowasaidia kuzama, na hulazimika kuyaanika baada ya kila uwindaji. Mbizi hutambulika kwa mdomo uliochongoka kama mkuki, ilhali wa mnandi umepinda nchani. Mti uliogeuka mweupe kwa vinyesi na kukauka vilele ni mti wa kundi lililotaga hapo miaka mingi, kwani kinyesi cha mnandi kikizidi huua mti wenyewe. Na ukikutana na rundo la vijiti kwenye panda ya mti mkubwa, kubwa kiasi cha kumbeba mtu, usidhani ni takataka za mafuriko. Ni kiota cha fundichuma, ndege wa kahawia asiyezidi ukubwa wa bata mdogo.

Mkia wa kisiwa uache mwishoni, na ukaribie kwa uangalifu kuliko mahali pengine pote.

Hatua ya sita: Mchanga usikanyagwe ovyo

Fungu la mchanga linaonekana kuwa mahali patupu palipoumbwa kwa ajili ya kushuka, kunyoosha miguu na kula. Katika msimu wa kiangazi, hapo ndipo penye viota vingi kuliko vyote, na havionekani. Kitwitwi hachukui hata jani. Hukwaruza kishimo chenye upana wa kiganja cha mkono na kutaga mayai mawili hadi manne ya rangi ya mchanga yenye madoa meusi, kiasi kwamba mtu aliyesimama hatua mbili kutoka hapo huona changarawe tu. Wapo wanaoyafunika mayai kwa mchanga wanapoondoka. Kitwitwi wa Misri, ambaye licha ya jina lake hapatikani tena Misri bali katika mito ya Afrika Magharibi na sehemu za Sudan na Ethiopia, huyafukia mayai na kuyapoza kwa kulowesha manyoya ya tumbo mtoni, kisha kurudi kukaa juu yake, siku nzima jua linapokuwa kali.

Hesabu ya madhara basi ni rahisi. Ndege huyo akiinuliwa kwa nusu saa saa sita mchana, mayai hupikwa na jua. Hakuna aliyeyakanyaga, hakuna aliyeyaona, na mgeni hurudi nyumbani akiamini kwamba hakuharibu kitu.

Dalili za kwamba umeingia mahali pasipofaa hujitokeza mapema. Ndege aliyekuwa anakula huacha kula, husimama wima, hutoa mlio mfupi unaorudiwa. Ukiendelea, kitwitwi hukimbia mbele yako akiburuta bawa moja ardhini, mkia ameupanua, mithili ya aliyevunjika. Hukuongoza hatua kwa hatua mbali na kiota, na ukishafika mbali huruka akiwa mzima. Wageni hufurahia sana jambo hilo na wengine humfuata wakipiga picha. Linalotakiwa ni kusimama palepale, kutazama unakokanyaga, na kurudi kwa njia uliyojia. Iwapo askari wa hifadhi amekuonyesha njia iliyowekewa vigingi, usitoke nje yake hata kwa sababu ya picha nzuri.

Ukibaki botini kando ya mkia, unaweza kubahatika kumwona ndege ambaye mdomo wake mwekundu wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Huruka usawa wa maji yaliyotulia, mdomo wazi, ncha ya chini ikichora mstari mwembamba juu ya maji, na inapogusa samaki mdomo hufumba ghafla na kichwa kikarudi nyuma. Mara nyingi hugeuka na kupita tena juu ya mstari uleule. Hupatikana Chobe, Zambezi na Rufiji, hutegemea mafungu makubwa ya mchanga kwa kutaga, na ni miongoni mwa wa kwanza kuondoka mahali ambapo boti na watu wamezidi.

Hatua ya saba: Baki mpaka jioni, kama saa za hifadhi zinaruhusu

Kisiwa ni mahali pa kulala. Wanyama wanaowinda usiku hawakifikii kwa urahisi, na ndiyo sababu ndege waliotawanyika mchana kutwa mashambani na mabwawani hurudi huko jua linapozama. Katika mto Platte huko Nebraska, Marekani, korongo wa kijivu kwa mamia ya maelfu hukusanyika kila mwaka kati ya Februari na Aprili wakielekea kaskazini, na usiku hulala wamesimama katika maji mafupi kati ya mafungu ya mchanga, ambako mbweha akikaribia huwaamsha kwa mchapo wa miguu yake majini. Watazamaji hukaa ndani ya vibanda vilivyofunikwa ukingoni, huingia kabla ya ndege hawajafika, na hawatoki mpaka giza liingie au, kwa walioingia alfajiri, mpaka kundi liondoke.

Utaratibu huo ufuate popote: fika mahali pa kutazamia saa moja kabla ya machweo, kaa upande ambao jua liko nyuma yako, na boti isisogee tena ndege wakianza kuwasili. Yangeyange huja kwanza kwa makundi madogo, wakiruka chini juu ya maji. Kwarara na mnandi hufuata. Usimulike tochi kuelekea mitini. Kundi likivurugwa gizani haliwezi kutafuta mahali pengine kwa usalama. Hakikisha pia kwamba nahodha anaijua njia ya kurudi bila mwanga wa jua na kwamba mmekubaliana mapema ni saa ngapi mtaondoka, kwa sababu visiki na mafungu yaliyozama hayaonekani.

Hatua ya nane: Utambuzi na kumbukumbu

Kwa anayeanza, usikimbilie kufungua kitabu au simu. Mtazame ndege kwanza kwa muda wote anaokupa, na ujiulize ukubwa wake ukilinganisha na ndege unayemjua, umbo la mdomo, rangi ya miguu, na jinsi anavyopata chakula. Mdomo na miguu hukuambia mengi kuliko rangi ya mgongo. Yangeyange mdogo, kwa mfano, ana miguu myeusi na vidole vya manjano, na hilo peke yake linamtenga na ndege weupe wenzake. Usitumie simu kupiga sauti ya ndege ili kumwita, hasa msimu wa viota, kwa sababu dume huacha kazi yake na kumtafuta mpinzani asiyekuwapo.

Andika papo hapo tarehe, saa, hali ya maji, upande wa kisiwa, aina ya ndege, idadi, na alichokuwa anafanya. Hali ya maji wengi huisahau, ilhali ndiyo itakayoifanya orodha yako iwe na maana mwaka ujao ukilinganisha. Kumbukumbu hizo unaweza kuzipeleka katika eBird, hazina ya taarifa za ndege iliyoanza mwaka 2002 na inayopokea orodha kutoka duniani kote. Usichapishe mtandaoni picha zinazoonyesha mahali hasa pa kiota cha ndege adimu.

Ukikuta ndege aliyekufa usimguse, kwani mafua ya ndege huenea kwa njia hiyo; ukikuta nyavu au ndoana zilizotelekezwa zimewanasa ndege, usijaribu kuwanasua peke yako juu ya maji. Piga picha, kumbuka mahali, na umjulishe askari wa hifadhi mara utakapofika gatini, pamoja na nakala ya orodha yako ikiwa ofisi huwa inazipokea.